Mzigo haupakiwi mara mbili tena. Sisi je?

Kwenu nyote mlioshika mpini wa usafiri katika mji wetu wa Tanga: mnaokaa vikao vya barabara na stendi, mnaotoa leseni za ruti, na mnaopanga nauli.

Shikamooni. Na mlio wadogo kwangu, nadhani ndio wengi, marahaba.

Ama baada ya salamu, naanza kwa kuomba radhi. Palikuwa na kikao cha kukusanya maoni kuhusu usafiri, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Nilifunga kibanda changu cha cherehani nikaenda. Nilifika saa tano kasoro. Mada ilikuwa usafiri, na kilichonichelewesha ni usafiri. Nilipoinua mkono nikaambiwa muda wa maoni umekwisha, sasa ni chai. Chai nilikunywa, na sambusa zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lakini maoni niliyokwenda nayo nilirudi nayo, na ndiyo haya.

Marehemu baba alikuwa kuli bandarini. Wakati huo meli kubwa haikuweza kusogea gatini, kwa sababu kina cha maji pale kilikuwa mita 3 tu. Ilitia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja na nusu, ikasubiri matishari, vile vyombo bapa vya kubebea mzigo majini. Robota za katani zilibebwa kutoka gatini zikapangwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi ubavuni mwa meli, kisha zikabebwa tena kuingizwa melini. Robota moja, migongo miwili. Jioni baba alirudi Makorora kwa baiskeli yake ya Phoenix, akakaa kibarazani akimsubiri mama amkande bega kwa mafuta ya nazi. Alikuwa na neno lake moja: "Leo tumebeba katani ya meli mbili, meli tuliyopakia moja."

Serikali ililiona hilo, na ililiona sawasawa. Kupakia mara mbili kunamla mwenye mzigo. Meli inakaa siku nyingi, vibarua wanalipwa mara mbili, na gharama yote inakuja kumwangukia mtu wa mwisho, yule anayenunua. Zikatoka shilingi bilioni 429.1. Mlango wa bandari ukachimbwa, gati mbili zenye urefu wa mita 450 zikaboreshwa, kina kikatoka mita 3 hadi 13. Leo meli inafunga gatini na mzigo unashuka mara moja. Mimi ni binti wa kuli, kwa hilo nashukuru bila kona.

Sasa njooni stendi ya Kange, saa kumi na mbili na nusu jioni, muone mzigo ambao bado unapakiwa mara mbili.

Nimepanda gari Ngamiani, kilipo kibanda changu. Ubavuni imeandikwa Pongwe, huko pembezoni mwa mji ninakoishi, konda ameita Pongwe mpaka sauti imekauka, nami nimelipa nauli ya Pongwe. Tukifika Kange gari inaingia pembeni, taa ya ndani inawashwa. "Mwisho hapa, mwisho hapa. Bi mkubwa, gari inageuza." Namwambia, mwanangu, mimi nimelipa ya Pongwe. "Gari mbovu, bi mkubwa." Ubovu wenyewe hauizuii kupakia watu wa kurudi mjini kabla sijakanyaga chini. Nina mfuko wa vitambaa begani na sare za kwaya za watu mkononi, nimezikunja zisijikunje. Konda ananitia kiganjani sarafu ya mia mbili, ile yenye simba, kama anayempoza mtoto. Nyuma yangu wameshuka vibarua watatu wenye vumbi la saruji hadi kwenye kope, na mama mmoja na ndoo yake tupu ya samaki. Ndoo nayo ilikuwa imelipiwa. Hapo tunasimama. Gari nyingine ya Pongwe ikija inakuja imejaa, au inaishia hapo hapo. Ikifika saa mbili na nusu hakuna anayeuliza tena gari. Kila mtu anaangalia wenye bodaboda, na wenye bodaboda wanatuangalia sisi, wanajua tuko wangapi.

Kukatisha ruti ni kosa. Leseni ya gari inataja njia, na njia ina mwanzo na mwisho. Hili silisemi kuwafundisha kazi, nalisema kwa sababu kwenye kile kikao, nilivyosimuliwa, tatizo lilielezwa kuwa ni "nidhamu ya makondakta". Nami sikubali.

Yule konda namjua. Kijana wa mtaa wa Mabawa, suruali yake nimeipunguza mimi mwenyewe. Hana mshahara. Gari ni ya tajiri, na kila usiku tajiri anataka hesabu yake kamili, iwe mvua iwe jua. Kabla ya hesabu kuna mafuta. Baada ya hesabu, kinachobaki ndicho wanachogawana yeye na dereva. Sasa fikirini jioni: kutoka mjini kwenda Pongwe gari imejaa hadi mlangoni, lakini kurudi kutoka Pongwe usiku kuna nani? Viti vinarudi vitupu, mafuta yanaungua. Akigeuza Kange anapata kichwa cha kwenda na kichwa cha kurudi. Ningekuwa mimi ningegeuza. Mkimkamata leo mkampiga faini, kesho atageuza mara mbili ili apate ya kuilipa ile faini. Trafiki anaweza kusimama Kange mwaka mzima. Hesabu ikibaki vile vile, ruti itaendelea kukatika.

Waliosoma historia watanikumbusha kwamba reli ya kwanza ya nchi hii ilianzia hapa kwetu. Wajerumani waliianza mwaka 1893, na kipande cha kwanza kilichofunguliwa, mwaka 1894, kiliishia Pongwe. Muheza ilifika 1896. Mjerumani hakuwa na mapenzi na mtu wa Pongwe, alifuata mashamba na mali ya bara. Lakini garimoshi lake halikufika Kange likageuza.

Mtaniuliza nilikwenda kufanya nini Pongwe, mtoto wa Makorora. Nilifuata kiwanja. Mji umekua: sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 273,332 katika jiji hili, ya 2022 ikatukuta 393,429. Watu hawa wote hawakuingia Ngamiani, maana Ngamiani haitanuki. Kodi ya chumba ilipanda, mume wangu akafariki, watoto walikuwa wanne. Nikauza nilichokuwa nacho, nikapata kiwanja ndani ndani, kuleee, ukishuka lami ya Pongwe bado. Nilidhani nimepata bei nafuu. Kumbe kiwanja cha bei nafuu kinalipwa kwa mafungu: fungu la kwanza unampa mwenye shamba, mafungu mengine unampa konda, kila siku, mpaka ufe.

Nawapa hesabu zangu, maana fundi haongei bila futi. Boda kutoka nyumbani hadi lami ni 1,000, na kurudi 1,000. Daladala kwenda na kurudi, weka 1,500. Siku moja ni 3,500. Kwa siku 26 za kazi ni 91,000 kwa mwezi, na hapo nahesabu siku ambazo gari imefika mwisho wa ruti. Siku inapokatishwa na giza likaingia, boda kutoka Kange hadi mlangoni kwangu ni 4,000, mvua ikinyesha 5,000. Nguo ya mwanafunzi naishona kwa bei ambayo wakati mwingine haifiki hapo.

Na mimi afadhali, kibanda ni changu. Binti anayenisaidia kutia vifungo anatoka Amboni. Namlipa 5,000 kwa siku, ndiyo ninayoiweza. Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 400 ikawa 500. Desemba 2023 ikawa 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Karibu robo ya ujira wake inaishia mlangoni mwa gari kabla hajanunua hata kitumbua. Nauli ilipopanda hakunilalamikia. Aliacha tu kula mchana, nami nikachukua wiki mbili kugundua.

Mtu wa Raskazone, kule kwa wenye nacho, akisahau miwani yake nyumbani, anapiga simu, bajaji ya buku mbili inamletea. Mimi nikisahau mkasi Pongwe, siku imekwenda. Sina kijicho naye. Nataka muone tu kwamba mji mmoja huu una bei mbili za kusahau.

Sitawaambia mshuke kwenye mashangingi mpande daladala siku moja. Tumeshaona hayo, mtu anapanda kituo kimoja, kamera mbele, gari imeondolewa abiria ili apate kukaa. Kaeni kwenye mashangingi yenu, mna kazi nyingi. Ninachoomba kinafanyika mezani.

Kwanza hii habari ya jioni. Msiwawinde makonda, wagawieni zamu. Ruti ya Pongwe ina magari, yanajulikana namba zake, yana chama chake. Pangeni kwamba kila usiku magari kadhaa yana zamu ya kufika mwisho wa ruti hadi saa nne, wiki hii haya, wiki ijayo yale. Gari iliyo kwenye zamu isilipe ushuru wa stendi wiki hiyo. Na kama ushuru hautoshi kufidia viti vitupu vya kurudi, basi mji uilipe gari ile kwa safari, hata iwe tupu, kama unavyomlipa mzoa taka bila kumuuliza amebeba kilo ngapi. Mtasema fedha hakuna. Huenda. Lakini wakati wa matishari pia fedha hazikuwepo, mpaka mtu alipokaa akapiga hesabu kwamba kupakia mara mbili ni ghali kuliko kuchimba bahari. Hesabu hiyo ya abiria nani amekwisha kuipiga? Mimi nimewapigia yangu hapo juu, bila mtaalamu.

Abiria naye apewe kijikaratasi. Hata kipande kidogo chenye namba ya gari na neno Pongwe. Leo nikilalamika, ushahidi wangu ni ile sarafu yenye simba.

Kisha wanafunzi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nawashonea sare na nazijua zinavyorudi kwangu zimechanika kwapani. Zinachanikia kwenye milango ya daladala. Nauli ya mwanafunzi ni 200. Ni jambo jema na lisiguswe. Lakini nani anailipa ile 400 iliyobaki? Kiti ni kile kile, mafuta ni yale yale, hesabu ya tajiri haijui kwamba aliyekaa amevaa sare. Anayeilipa ni konda. Serikali imetoa sadaka kutoka mfukoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuulizwa. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi mnasikia "wanafunzi wawili tu!", na watoto kumi na watano wanabaki barabarani na madaftari. Juzi nilimwona mmoja, wa darasa la tatu hivi, amejifunga kanga ya mama yake juu ya sare ili konda asimtambue. Alikuwa na 600 mkononi. Alikuwa tayari kulipa ya mtu mzima apate kuwahi shule. Konda alimpakia, nami nikanyamaza, nikimwangalia anavyoikaza ile kanga kila gari inaporuka tuta. Mtoto wa anayeendesha gari lake haijui kanga hiyo.

Kuna njia. Magari mawili matatu ya asubuhi yalipwe kuwabeba wanafunzi tu, kwenye ruti ndefu tu: Pongwe, Mabokweni, Chongoleani. Mtoto alipe 200 yake, kilichobaki kitoke kwa aliyeahidi sadaka.

Nimeitaja Chongoleani makusudi. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa kule tarehe 5 Agosti 2017. Bomba linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwenye ardhi yetu. Kila kilomita imepimwa, imechorwa, imelipiwa fidia, ina mtu anayeijibia. Nina mteja wangu wa kule, muuza samaki. Akiniletea khanga nizikunje pindo, nauli yake inazidi pindo lenyewe. Kilomita zake chache za kufika sokoni hazina anayezijibia. Wala sisemi bomba lisije. Mafundi wa bomba nao wanavaa suruali, na suruali zinapungua na kuongezeka. Nasema yule aliyeweza kupanga njia ya mafuta kutoka Ziwa Albert anaweza kupanga njia ya mama na ndoo.

Vijana wa bodaboda msiwaguse kwa hasira. Kila mji ukitaka kuonekana msafi unaanza nao: wasisimame hapa, wasiingie pale. Wengi wao pikipiki si zao, wako kwenye mkataba, wanapeleka hesabu kama konda, na usiku wa manane wao ndio gari la wagonjwa la Pongwe. Wamechukua nafasi iliyoachwa wazi. Bei yao ni kali, ndiyo. Wajengeeni kibanda cha kusimama na taa, ili tunaowakodi usiku tuione sura ya tunayemkodi.

Na baiskeli. Tanga ilikuwa mji wa baiskeli, mnajua. Ardhi yetu ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka kama zimepigwa rula. Baba yangu hakulipa nauli ya kwenda kazini maisha yake yote, na hakuwa tajiri. Leo mwanangu ana baiskeli, nami ndiye ninayemkataza asiende nayo mjini, kwa sababu bandari imefunguka, malori ni mengi, na pembezoni mwa lami hakuna mahali pa kuwekea gurudumu. Hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja: ukanda wa mita moja na nusu kila upande, wenye kingo, mnapoipanua barabara. Kila barabara mpya ikichorwa nauliza kama ukanda huo umo, naambiwa utawekwa awamu ijayo. Naisubiri hiyo awamu kama mahari ya mwali.

Najua mtu atataja mwendokasi. Dar es Salaam waliuanza mwaka 2016, na wenzetu kule wanajua raha yake na foleni yake. Sisi hatujaomba njia ya peke yetu wala vituo vya vioo. Tunataka magari haya haya, yafike yanakosema yanakwenda, na tujue la mwisho linaondoka saa ngapi. Hili la mwisho halina hata gharama ya mafuta. Ubao mmoja pale Kange: gari ya mwisho ya Pongwe saa fulani, ya Amboni saa fulani, ya Mabokweni saa fulani. Nikijua ni saa tatu, nitafunga mashine saa mbili. Sasa hivi nafunga saa kumi na moja na nusu kwa hofu, na wateja wangu wengi hutoka kazini saa kumi na moja. Saa za kazi ninazozipoteza kwa siku 26, fundi mwenzangu wa Chumbageni anazishona.

Vikao vijavyo vya maoni viwekwe Jumapili alasiri, na kimoja kifanyike Pongwe, uwanja wowote, chini ya mwembe panatosha. Chai tutapika sisi.

Barua hii nimewaandikia hadharani kwa sababu ile niliyoandika kwa mkono nilishindwa kuipeleka; ofisi zinafungwa saa tisa na nusu na mimi saa hiyo niko mashineni. Mkiwa na jibu, msinitafute. Libandikeni Kange, kwenye ile nguzo yenye matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga. Pale tunasimama muda wa kutosha kulisoma mpaka mwisho.

Fundi cherehani, Ngamiani
Mkazi wa Pongwe